MTO HAUJUI MPAKA WA KIJIJI

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozusha maneno mengi katika chama chetu cha mdahalo. Hoja iliyoletwa ilisema hivi: Maji ya mito ni haki ya wakaao juu kabla ya wakaao chini. Waliounga mkono walisema kwa nguvu, na waliopinga walisema kwa nguvu vile vile, na kura zilipohesabiwa upande wa juu ulishinda. Si ajabu, maana wengi wetu ni wana wa Mbulumbulu, na Mbulumbulu iko juu. Mimi naona ya kuwa pande zote mbili ziliacha swali kubwa pembeni. Zilibishana ni nani mwenye maji, wala hakuna aliyeuliza maji yenyewe ni kiasi gani, na kama mwaka ujao yatakuwa kiasi kile kile.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yetu ilivyokaa. Nyuma yetu ni msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Mbele yetu, upande wa mashariki, nchi yakatika ghafula kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na chini kabisa ni Selela, Mto wa Mbu na Ziwa Manyara. Upepo utokao mashariki ukipanda kuta hizi hupoa, ukawa ukungu na mvua. Miti huukamata ukungu, na udongo wa msituni hunywa maji na kuyatoa polepole. Ndiyo maana baadhi ya vijito hutiririka hata miezi ya kiangazi, wakati hakuna tone litokalo mbinguni. Msitu huo ndio tangi letu, wala hakuna fundi aliyelijenga.

Tena yafaa tujue maji hayo yaenda wapi. Hayaendi baharini. Vijito vya upande wetu hushuka kwenda Ziwa Manyara. Kwa upande wa Oldeani maji hupita chini kwa chini na kutokeza katika chemchemi za Qangded huko Mang'ola, ambako watu hulima vitunguu, na yanayobaki huelekea Ziwa Eyasi. Maziwa haya hayana mto wa kutokea. Maji yakiingia hutoka kwa njia ya jua tu. Basi kila kitu tunachokiachia kutoka mashamba yetu, udongo na dawa za kuua wadudu, hufika huko na kukaa huko. Mkulima wa Pangani aweza kujidanganya kwamba bahari itameza uchafu wake. Sisi hata udanganyifu huo hatunao.

Jambo la pili ni kwamba mto ni mmoja lakini wasimamizi wake ni wengi. Msitu uko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo ni hifadhi tangu mwaka 1959. Mashamba na vijiji vyetu viko chini ya Halmashauri ya Karatu. Ukishuka ukingo, Selela na Mto wa Mbu ni Wilaya ya Monduli. Ukifika ziwani wakuta Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960. Maji yenyewe, popote yalipo, yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo ofisi yake kuu iko Singida. Kila mmoja ana kitabu chake na mipaka yake. Lakini tone la maji linalotoka msituni asubuhi hupita kwa wote hawa bila kuonyesha kibali kwa mtu. Tukilima mteremko vibaya, bwana misitu hahusiki, lakini matope yatamkuta mwenye mfereji wa bondeni. Msitu ukichomwa, halmashauri haikuwasha moto, lakini bomba la kijiji litakauka.

Kwa sababu hiyo Tanzania iligawanya maji yake kwa mabonde tisa, wala si kwa mikoa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka bodi za mabonde, na chini yake kamati za vidakio, na chini yake jumuiya za watumia maji ambazo wananchi wenyewe huziunda. Wazo hilo ni zuri: watu wakae pamoja kwa kufuata njia ya maji. Hata hivyo kukaa pamoja hakutoshi, na hapa ndipo lilipo neno langu.

Watu wakikaa pamoja wakagawana maji ya mwaka mmoja kana kwamba ndiyo ya miaka yote, ugomvi utarudi. Mvua zetu hazina desturi moja. Mwaka 1997 nchi yetu ilianza kwa kuhangaika na ukame, kwa kuwa vuli ya 1996 ilikuwa haba. Na kabla mwaka ule haujaisha mvua za El Niño zilikuwa zimebomoa madaraja na barabara. Mwaka 2009 ukame uliua mifugo mingi katika Longido, Monduli na Ngorongoro. Vuli ya 2019 ilinyesha kupita kiasi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Wataalamu wa hali ya hewa nao wana kitendawili chao juu ya Afrika Mashariki. Hesabu nyingi za mashine zao kubwa zasema kwamba dunia ikizidi joto mvua za kwetu zitaongezeka. Lakini vipimo vya mvua tangu miaka ya 1980 hadi karibu na 2010 vilionyesha masika yakipungua. Je, tufuate hesabu au vipimo? Mtu mwenye busara hatachagua kimoja akatupa kingine. Atajitayarisha kwa yote mawili.

Wenzangu wengine husema, "Basi tuchukue wastani." Wastani ni mshauri mbaya wa mkulima. Tuseme mwaka huu shamba limepata milimeta 500 za mvua, na mwaka ujao likapata 1,500. Wastani ni 1,000, na kwa mahindi hiyo ni mvua njema. Lakini mwaka wa kwanza mahindi yalikauka, na mwaka wa pili udongo ulikwenda na korongo. Hakuna mwaka hata mmoja ambao wastani ulinyesha.

Sasa nataka kuwapeleka mbali kidogo, kwa kuwa mambo tunayobishania hapa kwa maneno, wengine wameyapitia kwa vitendo. Huko Usangu, katika Mkoa wa Mbeya, vijito hushuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, huingia katika tambarare yenye mashamba ya mpunga, hupita katika kinamasi cha Ihefu, kisha huwa Mto Ruaha Mkuu, ambao hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kufika katika bwawa la Mtera. Umbo lake lafanana na letu: milima juu, mashamba katikati, wanyama na maji ya wengine chini. Kabla ya mwaka 1993 mto huo haukuwa na sifa ya kukauka hifadhini. Tangu mwaka ule umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, viboko wakabaki wamesongamana katika vidimbwi.

Mto ulipokauka kila mtu alimnyoshea mwenzake kidole. Wenye umeme waliwalaumu wakulima, wakulima waliwalaumu wafugaji, na wafugaji waliulizwa ng'ombe wao wanywe wapi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa katika bonde la Usangu, na baadaye eneo lile likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Watu walihamishwa kwa taabu kubwa. Lakini mto uliendelea kukatika kiangazi, kwa kuwa mabanio ya mifereji yaliyokuwa juu ya kinamasi yaliendelea kuchukua maji. Naona hapo kuna funzo kwetu: aliye rahisi kumlaumu si lazima awe ndiye aliyekunywa maji.

Funzo la pili la Usangu lahusu vibali. Wakulima walipewa haki za maji zilizoandikwa kwa lita kwa sekunde, na tarakimu ile ilikuwa moja, mto ukijaa au ukipungua. Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua kijito chenye lita 100 kwa sekunde wakati wa masika. Wakulima watatu wana vibali: wa juu lita 40, wa kati lita 30, wa chini lita 30. Masika wote wamepata. Septemba kijito kimeshuka hadi lita 50. Wa juu achukua 40 zake, kwa haki kabisa, maana karatasi iko mkononi na ada amelipa. Wa kati apata 10. Wa chini hapati kitu, na ng'ombe, samaki na ndege walio mbele yake hawapati kitu vile vile. Hakuna aliyevunja sheria, na mto umekufa.

Sasa ugawe kijito kile kile kwa mafungu badala ya tarakimu. Kwanza mto wenyewe uachiwe lita 10. Zinabaki 40. Wa juu apata 16, wa kati 12, wa chini 12. Kila mmoja amepungukiwa, lakini hakuna aliyekosa, na mto waendelea kwenda. Kibali cha namna hii hujua kuvumilia mwaka mbaya. Tena sheria ya 2009 yenyewe yatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani na maji ya kuhifadhi mazingira mbele ya matumizi mengine, kwa hiyo fungu la mto si zawadi tunayoitoa kwa huruma.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000 mtaalamu mmoja wa umwagiliaji, Bruce Lankford wa Uingereza, akishirikiana na wenziwe wa Tanzania, alitumia mchezo kuwaonyesha watu wa Usangu jambo hili. Mchezo wenyewe ni ubao mkubwa uliowekwa kwa mteremko, na juu yake umechorwa mto na mashamba. Gololi ni maji. Wachezaji husimama kando ya ubao, kila mmoja kwenye shamba lake, na huweka vijiti vya kuzuia gololi ziingie kwake. Kisha gololi humwagwa kutoka juu. Mara ya kwanza wa juu hujaza mashamba yao na wa chini hubaki wakitazama ubao mtupu. Ndipo watu huanza kuzungumza. Nimesoma habari za mchezo huo nikafurahi, kwa kuwa twaweza kuutengeneza hapa shuleni. Fundi wetu wa mbao hatashindwa, na gololi zimejaa mifukoni mwa vidato vya chini. Tena napendekeza tuucheze na sharti moja: anayemwaga gololi asiseme atamwaga ngapi.

Lakini mtu asidhani ya kuwa mawazo haya yameletwa na wageni. Chini ya ukingo huu huu, kaskazini mwa Selela, yako magofu ya Engaruka. Watu wa kale walijenga pale matuta ya mawe na mifereji, wakamwagilia hekta zipatazo 2,000 kwa maji yanayoshuka kutoka nyanda zetu za juu. Walikaa tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, kisha wakatoweka. Wachunguzi wametaja sababu nyingi, na mojawapo ni kupungua kwa maji ya vijito. Mimi nikiyafikiri mawe yale naona ya kuwa mfereji wa mawe hauhami, bali maji huhama. Na kaskazini zaidi Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, hadi leo wana baraza la wazee linalogawa maji ya mfereji kwa zamu, na zamu hizo hupangwa upya kadiri maji yalivyo. Basi kugawa kwa kutazama hali ni elimu ya hapa hapa.

Najua ya kuwa watakuwako wa kunipinga, nami nitajaribu kuwajibu.

Wa kwanza atasema, "Tujengewe bwawa kubwa, mambo yatakwisha." Mimi sipingi mabwawa. Lakini bwawa huweka akiba ya mvua iliyonyesha, haliumbi mvua. Mtera ni bwawa kubwa sana, na mwaka 2006 kina chake kilishuka hata nchi nzima ikaingia katika mgao wa umeme. Tena bwawa likijengwa chini ya mashamba yanayomomonyoka litakuwa bwawa la matope. Asiyejua kijito chake kina maji kiasi gani atajuaje bwawa lake liwe kubwa kiasi gani?

Wa pili atasema, "Kazi hii ni ya wataalamu wa Singida." Nawaheshimu wataalamu hao, na bila wao hatuna sheria wala vipimo vya bonde zima. Lakini kutoka Singida hadi hapa ni mbali, na kijito chaweza kupanda na kushuka katika siku moja. Mwenye macho karibu na kijito ndiye awezaye kukisoma kila asubuhi.

Wa tatu ana hoja nzito kuliko wote. Atasema, "Mkulima anahitaji kujua mapema. Mkibadili sheria kila msimu, nani atathubutu kupanda?" Hoja hii ni ya kweli, na mtu akiipuuza ataharibu kila kitu. Jibu langu ni hili: tusibadili sheria kiholela, bali tuandike mapema jinsi itakavyobadilika. Pachimbiwe mti wa kupimia katika kijito, wenye alama mbili. Maji yakiwa juu ya alama ya kijani, kila mwenye kibali amwagilie. Yakiwa kati ya kijani na nyekundu, watu wamwagilie kwa zamu, na wa chini nao wana siku zao. Yakishuka chini ya nyekundu, mashine zote za kuvuta maji zinyamaze, na maji yabaki kwa ajili ya nyumba na mifugo. Mkulima atakayepanda nyanya mwezi Julai atajua tangu siku ya kwanza hatari aliyoingia. Hatajua mvua, lakini atajua sheria. Naye atapima mwenyewe kama apande nusu eka au eka nzima.

Nasema haya nikiwa mtoto wa nyumba yenye bustani kando ya kijito. Madaftari yangu na sare yangu hutoka katika kabichi za mama yangu, na mashine ya jirani ndiyo hutusaidia kuvuta maji kwa kukodi. Alama nyekundu ikifikiwa, bustani yetu itakauka pamoja na nyingine. Sioni raha kuliandika jambo hili. Lakini huko chini ya ukingo yuko mwenzangu wa kidato hiki hiki katika shule nyingine, ambaye ng'ombe wa baba yake hunywa maji yanayobaki kwetu. Yasipobaki, ng'ombe watapandishwa kuja kuyatafuta yalipo, yaani katika mashamba yetu. Mipaka ya wilaya haijapata kuzuia ng'ombe mwenye kiu.

Basi tufanye nini? Mimi naleta mambo manne, tena yote madogo.

La kwanza, tupime. Shule yetu na ipate kipimo cha mvua na mti mmoja wa kupimia kina cha kijito kilicho karibu. Kila siku saa 3 asubuhi wanafunzi wawili wa zamu wasome na kuandika daftarini. Kila Jumamosi nakala ibandikwe katika ofisi ya kijiji, kila mtu aione. Daftari la mwaka mmoja si kitu, lakini shule haifi kama mtu. Darasa huondoka na darasa huingia. Daftari la miaka 20 litakuwa shahidi ambaye hakuna atakayeweza kumnunua.

La pili, baraza la maji liwe na viti vya juu na vya chini. Jumuiya ya watumia maji isiyo na mtu wa Selela ni nusu ya jumuiya, na isiyo na mtu wa kuisemea misitu haina kichwa. Tena wanawake wawemo, maana wao ndio wachotaji, nao hujua siku kisima kilipoanza kupungua kabla ya mwenyekiti kupata habari.

La tatu, kila uamuzi uwe jaribio. Mwaka 1978 mtaalamu wa Kanada, C. S. Holling, alitoa kitabu kilichofundisha njia hii: kabla ya kutenda, andika unalolitazamia, ukisha kutenda, pima, kisha linganisha na ubadili. Twaweza kuanza na udongo. Mteremko mmoja upandwe majani kwa kufuata kontua, wa pili uchimbwe matuta, wa tatu uachwe ulimwe kama kawaida. Mvua ikinyesha, mtu ateke chupa ya maji kutoka mfereji wa kila mteremko, aiache itulie siku nzima, kisha apime matope yaliyokaa chini. Chupa tatu zitasema zaidi ya hotuba kumi. Na lile katazo la Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, la kutofanya shughuli ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, tusilitazame kama amri ya kuogopwa tu. Tupime mahali linapofuatwa na mahali lisipofuatwa, tuone tofauti kwa macho yetu.

La nne, kila mwaka baada ya mavuno mkutano ufanyike wa kuulizana maswali matatu: Tulitazamia nini? Kumetokea nini? Tubadili nini? Mkutano huo usiwe wa kutafuta mkosaji. Mtu akiogopa kuaibishwa ataficha tarakimu, na tarakimu zikifichwa tumerudi tulikotoka. Katika kazi ya namna hii jaribio lililoshindwa na kuandikwa vizuri lina faida kuliko bahati njema isiyoandikwa.

Sikusema ya kuwa njia hii itatuletea maji mengi. Hailetei mtu hata tone moja. Mwaka wa ukame mkali kabichi zitakauka, na mwaka wa gharika makorongo yatakula ardhi. Faida yake ni kwamba hasara itakuja kwa wote kwa kadiri, wala haitamwangukia wa mwisho peke yake. Na kila mwaka mbaya utatuachia maarifa ya kuukabili ufuatao. Jamii inayogawana upungufu bila kupigana ina utajiri ambao mvua haiwezi kuuchukua.

Kipimo cha mvua si kitu cha gharama. Chupa ya plastiki iliyonyooka, faneli na rula vyatosha kuanzia. Masika hayako mbali. Nimekwisha kuzungumza na wenzangu watatu, nao wamekubali kuingia zamu ya saa 3. Twahitaji wengine kumi ili pasiwe na siku itakayorukwa, hata siku za likizo. Mwenye nia na aandike jina lake katika karatasi iliyo mlangoni mwa chumba cha jiografia. Na mwenye kupinga maoni haya na alete hoja zake katika gazeti la muhula ujao, nami nitamsoma kwa makini, hasa akija na tarakimu.

Wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne